Weupe wa Kubanduka: Chokaa, Vifaru vya Mfano na Kuta za Same

Leo tunazungumzia kazi ndogo kwa umbo: kupaka weupe wa majira ya baridi juu ya kifaru cha mfano, kile cha plastiki kinachounganishwa kwa gundi mezani, na ambacho urefu wake mara nyingi haufiki shibiri. Waundaji wa mifano hii wako katika nchi nyingi, na kifaru chenye rangi ya theluji ni miongoni mwa kazi wanazozipenda mno na kuziharibu mno. Huziharibu kwa sababu wanadhani kazi yao ni kupaka rangi nyeupe, kumbe sehemu ngumu ya kazi ni kuibandua. Weupe wa vifaru halisi ulikuwa chokaa na chaki, na anayejua jinsi chokaa inavyochakaa atautengeneza kwa haki hata kama hajawahi kukanyaga theluji. Naongeza dai ambalo baadhi yenu mtalishangaa: mtu anayeishi Same, chini ya Milima ya Upare, ana mahali pazuri sana pa kujifunzia kazi hii, pengine kuliko mtu anayeishi kwenye nchi ya baridi katika nyumba ya matofali yaliyopakwa rangi za kisasa zisizochuja.

Tuanze na historia yenyewe. Ujerumani ilipoivamia nchi ya Wasovieti tarehe 22 Juni 1941, vifaru vyake vilitoka viwandani vikiwa na kijivu kilichokoza. Wakuu wa jeshi walitarajia vita viishe kabla ya baridi. Havikuisha. Theluji ilipotanda, kile kijivu kikageuka alama inayoonekana kutoka mbali katika uwanda mweupe usio na kichaka. Rangi maalumu ya majira hayo haikuwa imewafikia askari wengi, basi wakatumia walichokipata: chokaa, chaki iliyosagwa na kukorogwa kwa maji, hata mashuka. Walipaka kwa brashi, kwa ufagio, kwa matambara. Waliokuwa na haraka waliizunguka misalaba na namba za kifaru bila kuzigusa, ili wenzao waendelee kuwatambua, na kila alama ikabaki ndani ya kisanduku cha kijivu. Wasovieti, ambao vifaru vyao vilikuwa vya kijani, waliizoea baridi zaidi, lakini hata wao walitumia weupe wa kuoshwa kwa maji. Wakati mwingine waliufunika mwili mzima wa kifaru, na wakati mwingine waliacha mabaka au mistari ya kijani ionekane, ili kifaru kifanane na mahali penye miti na theluji kwa pamoja. Pande zote mbili zilikuwa na sababu moja ya kuikwepa rangi ya kudumu, nayo ni kwamba theluji huyeyuka. Kifaru cheupe katikati ya majani mabichi ya Mei ni shabaha. Ndiyo maana weupe ule ulitakiwa uwe dhaifu tangu mwanzo, utoke kwa ndoo ya maji na brashi ngumu siku utakapohitajika kutoka.

Ukilikubali hilo, mengine yanafuata yenyewe. Rangi dhaifu iliyopakwa na watu waliochoka, wenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, haiwezi kulingana kila mahali. Pale brashi ilipopita mara ya kwanza ni nzito, na pale ilipokuwa ikikaukiwa ni nyepesi hadi rangi ya chini inachungulia. Kisha matumizi yakaanza kuila. Askari hupanda kifaru kwa njia ileile kila siku: mguu juu ya gurudumu, mkono kwenye kishikio, goti kwenye madigadi, halafu ndani kupitia kifuniko. Njia hiyo ilipoteza weupe mapema. Kingo za vifuniko zilisuguliwa na viganja na mabuti. Juu ya injini kulikuwa na joto na mafuta yaliyomwagika, na karibu na ekzosi masizi yalirudisha weusi. Magurudumu na sehemu za chini zilipigwa tope na barafu hata weupe usidumu. Mahali ambapo hapakuguswa na mtu wala kupigwa na kitu, kama vile nyuma ya sanduku la vifaa au katikati ya ubavu wa mnara wa mzinga, chokaa ilikaa muda mrefu. Kwa hiyo ukiitazama picha ya kifaru cha Februari 1942 kwa makini unasoma mwenendo wa watu watano au wanne waliokaa ndani yake. Mfano wenye weupe safi, uliolingana kuanzia juu hadi chini, unawafuta watu hao. Mfano uliokwaruzwa ovyo kila pembe unawafuta vilevile, kwa sababu mikwaruzo isiyo na sababu haisimulii chochote.

Sasa tuje Same. Mji huu uko upande wa tambarare kavu, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na nyuma yake ndipo inapopanda milima ya Upare ya Kusini hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Milima hupokea mvua, tambarare hubaki na vumbi. Sehemu zote mbili zina nyumba zilizopakwa chokaa. Simama mbele ya ukuta wa tofali za udongo uliopakwa chokaa misimu miwili iliyopita, uutazame kuanzia chini. Sehemu ya chini, kama urefu wa goti, si nyeupe tena. Matone ya mvua yakianguka kutoka kwenye bati huruka na udongo mwekundu na kuupiga ukuta, na rangi hiyo hukolea karibu na ardhi na kupungua kadiri unavyopanda, bila mstari wa kukata. Chini ya upenu weupe ni kama wa jana, kwa sababu mvua haifiki. Pembeni mwa mlango, kwenye kimo cha komeo, kuna doa la kahawia lililong'aa kwa mafuta ya mikono. Pale mbuzi wanapojisugua, kwenye pembe ya nyumba, chokaa imekwisha kabisa na tofali linaonekana. Chini ya dirisha kuna michirizi miwili iliyotoka kwenye ncha za kizingiti, kila mmoja ukianza mwembamba na mkali, kisha ukitanuka na kupotea. Vyote hivyo vina sababu, na kila kimoja kina ndugu yake kwenye kifaru: tope la chini, kivuli cha sanduku, kishikio cha kifuniko, madigadi, mchirizi unaoanzia kwenye boliti.

Ukipanda milimani hadi Chome au Mamba, utaona somo jingine. Huko unyevu hukaa, na chokaa haichakazwi na vumbi bali na ukungu: madoa ya kijani na meusi yanayoanzia upande usiopata jua, na vipande vinavyovimba na kubanduka kwa sababu maji yameingia nyuma yake. Tambarare hufifisha weupe polepole kwa msuguano wa upepo na mchanga, mlima huuvua kwa vipande. Muundaji wa mifano anahitaji mambo haya mawili, maana kifaru cha kwenye baridi kavu ya Januari kilichakaa kwa kusuguliwa, na kile cha mwezi wa theluji kuanza kuyeyuka kilichakaa kwa maji. Yapo pia mambo ambayo chokaa huyafanya mbele ya macho ya kila mpakaji. Ikiwa mbichi ni kama maji ya mchele, unaona ukuta ulio chini yake na unadhani umepaka kidogo. Ikikauka ndipo weupe unapotokea. Asiyelijua hilo huongeza mkono wa pili kabla ya wakati, na chokaa ikizidi unene hupasuka na kupukutika. Askari wa 1941 hawakuwa mafundi wa kuta, na huenda wengi walifanya kosa hilohilo, ndiyo maana katika vifaru vyao kuna sehemu zilizobanduka kama maganda na nyingine zilizobaki kama ukungu mwepesi.

Hapa inabidi niweke mpaka wa hoja yangu, kwa sababu ukuta si chuma. Chokaa hukaa ukutani kwa sababu udongo una vitundu na huinyonya, na halafu chokaa yenyewe huivuta hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Chuma kilichopakwa rangi ya kiwandani hakina vitundu. Chokaa hapo imelala juu tu, na chaki haigandi kabisa isipotiwa gundi. Basi atakayeiga ukuta mzima kama ulivyo atakosea kwa kuufanya weupe wa kifaru uwe mgumu kuliko ulivyokuwa. Dawa yake haiko mbali. Tafuta chokaa iliyopakwa juu ya bati, juu ya pipa la mafuta, au juu ya nguzo ya chuma yenye rangi ya zamani. Hapo utaona inavyotoka kwa vidole, inavyoacha unga mweupe kwenye nguo ya aliyeegemea, na inavyobaki imejazana pembezoni mwa ribiti na ndani ya mikunjo ya bati baada ya sehemu bapa kuwa tupu. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wengi hukwaruza kingo na kuacha katikati ikiwa nyeupe, wanasahau kwamba kwenye chuma weupe wa mwisho kabisa kutoka ni ule uliojificha kwenye kona za ndani, kuzunguka vichwa vya boliti na chini ya bawaba.

Namna ya kulitenda hilo mezani haihitaji utajiri. Kifaru hupakwa kwanza rangi yake ya msingi, kijivu au kijani, na ikishakauka hufunikwa kwa vanishi ili isiguswe na maji. Juu yake hupulizwa sprei ya nywele, hiyohiyo ya saluni, mikono miwili myepesi. Kisha hupakwa nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Muda si mrefu baada ya kukauka, sehemu inayotakiwa kuchakaa huloweshwa na kusuguliwa kwa mswaki mgumu. Maji huyeyusha ile sprei iliyo chini, na nyeupe huachia kama chokaa iachiavyo. Wengine hutumia chembe za chumvi zilizobandikwa kwa maji kabla ya weupe kupakwa, kisha huzikung'uta na kuacha matundu. Sprei ni bora kwa msuguano, chumvi ni bora kwa kubanduka kwa vipande, na mkono wenye subira huzichanganya. Mjini Same utapata sprei, chumvi na mswaki dukani kabla ya saa sita mchana. Kigumu kupatikana ni kifaru chenyewe, na hapo sitasema uongo, seti za kiwandani ni ghali na hutoka ng'ambo. Lakini watoto wetu wameunda magari ya waya, ya makopo na ya udongo tangu zamani, na weupe wa kubanduka unaweza kujifunzwa juu ya lori la bati sawasawa na juu ya kifaru cha Kisovieti cha T-34.

Kuna atakayeuliza: mtu wa Same na theluji wapi na wapi? Anawezaje kupaka rangi ya kufichama katika kitu asichokijua? Naliheshimu swali hili, kwa sababu kufichama ni jambo la mahali, na rangi isiyojua mahali pake haifichi. Ila tukumbuke kisa cha jirani yetu Kilimanjaro. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa kilele na kuandika kwamba ni theluji. Watu walioishi chini ya mlima walikuwa wanajua kitambo kwamba huko juu kuna baridi isiyo ya kawaida. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyezaliwa na kukulia katika nchi zenye theluji, aliikana habari hiyo kwa miaka mingi, hata baada ya msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken kuupanda mlima hadi kimo cha kutosha na kuithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1860. Cooley aliijua theluji vizuri sana, ila hakuukubali ushahidi wa walioona. Kwa hiyo kukijua kitu kwa mazoea hakutoshi kumfanya mtu awe shahidi mzuri wake, na kukikosa hakumzuii kuwa mwanafunzi mzuri. Vilevile, kinachopakwa kwenye mfano ni chokaa ya kuigiza theluji. Theluji yenyewe, yaani ile ya kurundikwa kwenye ardhi ya mandhari, ni kazi nyingine, na hapo nakubali mtu wa tambarare itabidi ategemee picha.

Pingamizi la pili linatoka kwa waundaji wenyewe, nalo lina nguvu zaidi: kwamba ukimfundisha mtu kutazama ukuta mkubwa, atapitiliza kwenye kifaru kidogo. Hesabu iko wazi. Mifano mingi maarufu hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 35, kipimo kilichoenezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani tangu ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambacho ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya betri na mota ndani yake. Katika kipimo hicho mkwaruzo wa milimita 1 ni sawa na pengo la sentimita 3 na nusu kwenye kifaru halisi, karibu upana wa vidole viwili. Tundu la urefu wa punje ya mchele lingekaribia upana wa sahani. Anayebandua weupe kwa vipande vinavyoonekana vizuri kwa macho, basi, ameshapitiliza. Jibu langu ni kwamba kutazama ukuta hakumaanishi kuunakili ukubwa wake. Kinachochukuliwa ukutani ni mpangilio: nini kinachakaa kwanza, kutoka upande gani, na kwa sababu gani. Ukubwa unapunguzwa mara 35, na vitu vidogo kuliko hapo vinaachwa viwe tofauti ya mwanga tu, weupe mzito hapa na weupe uliofifia pale. Kwa sababu hiyohiyo nyeupe ya mfano haifai iwe nyeupe tupu. Kitu kidogo kilicho mezani hutazamwa kana kwamba kiko mbali, na kilicho mbali hupoteza ukali wa rangi, hivyo tone la kijivu au la udongo wa njano huirudisha nyeupe kwenye ukweli.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Kwa nini tutukuze zana za kuulia watu, tena katika nchi iliyokwisha kukanyagwa na vita vya wengine? Mwezi Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kutoka Kahe kuwafukuza Wajerumani, safu moja ikifuata mto Pangani na nyingine ikifuata reli ya Tanga kupitia Same. Waingereza walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na miongoni mwa picha za vita hivyo zilizohifadhiwa Uingereza ipo ya farasi mdogo aliyechorwa milia ili aonekane punda milia. Picha hiyo hupendwa na wengi. Watu wachache hukumbuka kwamba katika vita hivyohivyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na kwamba majina ya wengi wao hayajulikani. Nakubali kwamba kifaru cha mfano kinachong'aa, kilichosimama peke yake bila doa, ni sifa ya chuma. Ndiyo sababu natetea kubanduka. Weupe uliosuguliwa na goti la mtu, ukaachwa na michirizi ya maji na masizi, unamwambia mtazamaji kwamba kulikuwa na binadamu hapa, alikuwa na baridi, alikuwa na haraka, na huenda hakurudi. Na anayeona hilo halitoshi, asiunde silaha. Upareni kuna historia inayostahili mkono wa muundaji: mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, wakakaa hapo bila silaha, na kodi hiyo ikaja kufutwa baadaye. Mandhari ya mkusanyiko huo ingehitaji majengo ya boma yaliyopakwa chokaa, na chokaa hiyo ingechakaa kwa kanuni hizihizi.

Kwa atakayechukua brashi, liko jambo moja la kuamua kabla ya kufungua kopo, nalo ni mwezi. Kifaru kilichopakwa wiki iliyopita mwezi Desemba kina weupe mzito, alama za brashi bado zinaonekana, na kimechubuka tu pale watu wanapopanda. Cha mwishoni mwa Januari kimechuja kwenye kingo zote na kimelainika kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Cha mwezi Machi, theluji inapoanza kugeuka tope, ni kijani au kijivu tena karibu mwili mzima, chini kimefunikwa na udongo, na weupe umebaki kwenye kona, kuzunguka boliti, na chini ya kamba ya chuma ya kuvutia. Huwezi kuwa na tope la Machi na weupe wa Desemba juu ya kifaru kimoja, ingawa mifano ya namna hiyo ni mingi na hupata sifa. Andika mwezi wako kwenye karatasi, uibandike mbele yako mezani, na kabla ya kila mkwaruzo jiulize kama umeshatokea kufikia mwezi huo.